Baiskeli ya Baba na Likizo ya Watoto

Katika nyumba nyingi za mjini mazungumzo ya likizo huanza kwa furaha na kuishia kwa ukimya. Watoto wataka bahari. Mama ataka mahali ambapo kwa siku chache hataulizwa chakula kiko wapi. Na iwapo nyumbani mna mpenzi wa baiskeli, yule aamkaye alfajiri ya Jumapili akaenda Bunju na kurudi wenzake wangali wamelala, huyo ataka barabara. Ikiwa ndiye mwenye sauti nyumbani, familia hupelekwa penye barabara nzuri, na watoto hukaa kivulini wakihesabu magari hadi yeye arudi. Ikiwa hana sauti, baiskeli hubaki nyumbani, naye hushinda ufukoni amenuna. Nasema baba kwa mazoea tu. Nawajua akina mama wawili watatu ambao hakuna mwanamume wa mtaa wao awezaye kuwafuata hadi kilomita ya 20.

Yafaa basi kuuliza: je, pako mahali ambapo wote hao wataridhika bila mmoja kulipa gharama ya furaha ya mwenzake?

Wapenda milima watakutajia Lushoto mara moja. Kwa hakika ile barabara ya kupanda kutoka Mombo, yenye kilomita 33 za kona na mabonde, ni karamu kwa mwenye miguu ya chuma. Lakini mwezi Juni, watoto wakiwa wamefunga shule, Usambara ina baridi na ukungu, na aliyeahidiwa jua atajifunika blanketi. Pemba ina fukwe tulivu mno, ila ardhi yake ni vilima na mabonde. Mtoto wa miaka 10 hatafika mbali. Tanga ni mji wa baiskeli tangu zamani, na mwenye fedha kidogo asiudharau. Bagamoyo ni karibu, ila malori na mabasi ya barabara ile hayamwachii mwendeshaji nafasi ya kupumua.

Mimi ningechagua Unguja, na si Unguja yote, bali pwani ya kusini mashariki, kuanzia Michamvi hadi Makunduchi, kituo kikiwa Paje au Jambiani. Sababu ya kwanza ni kwamba ardhi ile ni tambarare. Sababu ya pili, nayo ndiyo kubwa, ni maji ya bahari yenyewe.

Pwani ya mashariki ya Unguja ina mwamba mbali na ufuko, na kati ya mwamba na mchanga kuna uwanda mpana wa maji madogo. Maji yanapokupwa, bahari hukimbia hata ukadhani haitarudi. Yanapojaa, hufika chini ya minazi. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya kujaa na kupwa yakaribia mita 4. Wageni wengi hulalamika kwamba wamelipa nauli kuja kuogelea na sasa wanatazama matope na mwani. Hawakuuliza mwezi.

Tazama jinsi mambo yalivyo. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na tena baada ya mwezi mpevu. Katika siku hizo, pwani yetu hii, maji hukupwa kabisa yapata saa 4 asubuhi, na hujaa yapata saa 10 jioni. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi na kukupwa jioni, ingawa si kwa nguvu ile.

Sasa mpangie kazi mpenda baiskeli wetu. Akija wakati wa bamvua, ataondoka mapambazuko, saa ambayo bahari inakwenda zake na hakuna mtoto awezaye kuogelea. Saa 3 au saa 4 amekwisha rudi, jua halijawa kali, wala hakuna aliyepunjwa. Maji yaanza kurudi, na kuanzia saa 8 mchana hadi jioni bahari ni ya familia nzima. Akija wakati wa maji mafu, maji mazuri ya kuogea yatakuwapo saa ile ile aitakayo yeye kwa barabara, na ugomvi wa nyumbani utakuwa umevuka bahari pamoja nanyi. Kwa hiyo kabla ya kuomba likizo kazini, angalia kalenda ya mwezi. Chagua siku 5 au 6 zinazoanza mwezi unapokuwa mpevu au unapoandama, kisha ndipo ukate tiketi ya boti. Safari ya kutoka Dar es Salaam ni ya saa 2 hivi kwa boti ziendazo kasi. Gharama ya kupakia baiskeli iulizwe mapema, si gatini mizigo ikiwa kichwani.

Safari za asubuhi ni mbili zilizo bora. Ya kwanza ni ya kaskazini, kutoka Paje kupitia Bwejuu hadi Michamvi, kilomita 15 hivi za barabara isiyo na mlima. Hiyo hata kijana wa miaka 12 ataiweza akiwa na maji ya kutosha. Ya pili ni ya kusini: Jambiani, Makunduchi, hadi Kizimkazi Dimbani, kati ya kilomita 40 na 50 kwenda na kurudi. Pale Dimbani umo msikiti ambao maandishi yake ya Kikufi yataja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Ni nyumba ya ibada hadi leo. Mwendeshaji aliyevaa suruali fupi ya kubana na awe na kikoi mkobani ajifunge kabla ya kuingia kijijini. Hilo ni sharti la adabu katika vijiji vyote vya kisiwa, si Dimbani peke yake.

Jambo moja la upepo. Juni ni mwezi wa kusi. Masika yamekwisha, hewa ni kavu, jua halichomi kama la Desemba, lakini upepo wavuma kutoka kusini nao huzidi nguvu kadiri mchana unavyopanda. Wale vijana wa Paje wanaovutwa na tiara juu ya maji huushangilia. Mwenye baiskeli huutukana. Dawa yake ni kwenda kusini alfajiri, upepo ukiwa bado mchovu, na kurudi nao ukikusukuma mgongoni. Desemba kaskazi ndiyo inayoanza, bahari ni tulivu zaidi, ila joto ni kubwa na mvua za vuli huenda zikawa hazijakoma.

Na hao walioachwa asubuhi? Maji yakiwa yamekupwa, wanawake wa vijiji hivyo hushuka kwenye mashamba yao ya mwani, kilimo kilichoanza pwani hii mwaka 1989, na wengine huenda mwambani kutafuta pweza. Mtoto wa mjini akiona kamba zilizofungwa mwani na kusikia jinsi unavyokaushwa na kuuzwa nchi za nje, amejifunza jambo. Lakini mzazi asikilize vizuri hapa. Watoto wavae viatu, kwa sababu ya miiba na matumbawe makali. Wasiende mbali bila mtu mzima ajuaye saa. Bahari inaporudi haianzi mbele ya macho yako. Hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma, baina yako na ufuko, na asiyejua kuogelea hujikuta kisiwani. Dalili ni wenyeji: wakigeuka kurudi, nawe geuka.

Siku moja baiskeli ipumzike, na wote mpande daladala hadi Jozani, mwendo mfupi kutoka Paje. Msitu huo, uliofanywa hifadhi ya taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004, ndimo wakaamo kima punju, wanyama wasio na asili popote duniani ila Unguja na visiwa vyake. Ipo pia njia ya mbao ipitayo katikati ya mikoko ya Pete, ambayo watoto hupenda kuliko kima wenyewe.

Kuhusu malazi, hoteli kubwa za ufukoni hazikujengwa kwa ajili ya mshahara wetu. Tafuta nyumba ndogo za wageni ndani ya vijiji, na mpatane na mwenyeji juu ya chakula tangu siku ya kwanza. Usikubali nyumba yenye jiko zuri na mpishi yule yule wa nyumbani. Mwendesha baiskeli aliyeogelea akala na kulala, ilhali mkewe amekuna nazi, hajachukua likizo. Amehamisha tu nyumba.

Mchanga mgumu wa maji yaliyokupwa humvutia sana mwenye baiskeli, na watoto wa kijiji hupita hapo kama barabara. Pita, lakini chumvi hula mnyororo na spoki usiku mmoja tu. Ndoo moja ya maji baridi, kitambaa kikavu na matone ya mafuta vyatosha.

Siku ya kurudi, mpenda barabara aweza kupewa zawadi yake. Kutoka Paje hadi mjini ni kilomita 50 hivi, kupitia matuta ya Jozani yaliyowekwa kuwakinga kima na magari, kisha miembe mikongwe ya Bungi ambayo wenyeji huinasibisha na Bi Khole, binti wa Sayyid Said, na Tunguu. Aondoke alfajiri, wenzake wafuate na daladala na mizigo, wakutane bandarini Malindi. Tiketi zote na zikae kwa huyo apandaye gari.