Trauti Alaye Chini ya Uso wa Maji

Jioni inapokaribia, mvuvi asimamaye kando ya mto Gura au mto Thiba huona maduara madogo yakitokea juu ya maji, moja baada ya jingine, na moyo humwenda mbio. Mara hudhani ya kuwa trauti wanakula wadudu waeleao. Hufunga ndoana iliyovikwa manyoya yasiyozama, akaitupa kwa ustadi palepale penye duara, nayo hupita bila kuguswa. Hubadili rangi, hubadili tena, hata giza huingia na kikapu chake ki kitupu, ilhali samaki wangali wakila mbele ya macho yake. Kosa halimo mkononi mwake. Ameliona duara, asijiulize limefanywa na nini.

Trauti si wenyeji wa Kenya. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai yao kutoka Scotland, na samaki wakatiwa katika mto Gura. Baadaye wakaenezwa katika mito mingine ya baridi iteremkayo kutoka Nyandarua na Mlima Kenya. Pamoja na samaki ilikuja ile desturi ya kuwavua kwa manyoya yaliyofungwa yafanane na mdudu. Lakini ni mdudu yupi, na wa umri gani? Hapo ndipo penye shida yote.

Wadudu wengi waliwao na trauti huishi kwanza kama tunutu chini ya mawe ya mto. Siku yake ikitimia, tunutu huogelea kwenda juu apate kuvua ganda lake na kutoa mabawa. Uso wa maji, ambao kwa mtu si kitu, kwa kiumbe huyu mdogo ni mgumu kama ngozi ya ngoma. Kabla hajaupasua hunaswa hapo kwa kitambo, asiweze kurudi chini wala kuruka juu. Trauti hana haja ya kumfukuza aliyekwisha kupata mabawa, maana aliyenaswa huchukuliwa bila taabu.

Dalili zake hujulikana kwa mwenye subira. Pua ya samaki ikitokeza, na kipovu cha hewa kikabaki juu ya maji, aghalabu amekula kilichoelea. Bali maji yakivimba tu bila kupasuka, au mgongo na ncha ya mkia vikaonekana bila pua, basi chakula kimo chini kidogo ya uso.

Kwa samaki wa namna hiyo, yafaa kuchagua kwanza ukubwa, kisha umbo, na rangi iwe ya mwisho. Mwili wa chambo uwe mwembamba. Manyoya yawe machache na laini, kama yale ya kwale, ambayo hulowa na kuchezacheza majini; manyoya magumu ya shingo ya jogoo hukiinua chambo na kukieleza juu. Mshipi upakwe mafuta, isipokuwa shubiri ya mwisho iliyo karibu na ndoana, ili chambo kining'inie chini kidogo tu. Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon huko Uingereza, alifunga tunutu wake kwa manyoya ya mkia wa ndege na waya mwembamba wa shaba, bila uzi wowote. Waya ule ndio uliomzamisha.

Elimu hii haikupatikana bila gharama. Katika vitabu vyake vya mwaka 1886 na 1889, F. M. Halford aliusifu uvuvi wa chambo kieleacho kwa mito miangavu ya kusini mwa Uingereza, na wafuasi wake wakaufanya kama sheria. G. E. M. Skues, mwanasheria aliyevua mto Itchen, hakuridhika na sheria peke yake. Alikuwa na kijiko chembamba cha kutolea uboho mifupani. Kwa hicho alitoa chakula tumboni mwa samaki aliyemvua, akakitia katika sahani ya maji, akakitazama. Mara nyingi aliona tunutu, wala si wadudu wenye mabawa. Akaandika hivyo mwaka 1910, na wengi wakamwona kuwa mvunja desturi. Mwaka 1938, akiwa karibu na umri wa miaka 80, neno lake lilijadiliwa katika chama cha wavuvi huko London, na wengi wakampinga. Mwaka huohuo aliuacha mto alioujua kwa zaidi ya miaka 50. Hata hivyo hakuyafuta aliyoyaandika. Alifariki mwaka 1949, na leo tunutu wa kufungwa hutumiwa na wavuvi wa trauti katika nchi nyingi.

Wahenga walisema, usisafirie nyota ya mwenzio. Chambo kilichomjazia mwingine kikapu jana kilifaa kwa saa ile na kwa mdudu yule. Aendaye mtoni na asimame kwanza bila kutupa mshipi, ainue jiwe moja, aone ni kiumbe gani anayetambaa chini yake. Kisha na afungue kisanduku chake achague.