Hoja Yenye Mashiko



Juma lililopita, mmoja wenu hapa Hewa Bora, anayesomea ualimu, aliniletea daftari lake la Kiingereza. Alikuwa amepiga mstari chini ya neno moja: cogent. Mwenzake alimwambia kwamba maana yake ni “yenye kusadikisha”. Akaniuliza: “Mwalimu, basi mtu mwenye sauti kubwa, akiwasadikisha watu wote, hoja yake ni cogent?”

Neno hilo lina asili yake katika kitenzi cha Kilatini cogere, yaani kuswaga pamoja, kama mchungaji anavyoswaga ng’ombe, na hatimaye kulazimisha. Hutumiwa kwa hoja ambayo ushahidi na mpangilio wake huifanya akili ishindwe kuikataa. Walimu wa mantiki hudai mambo mawili: misingi ya hoja iwe ya kweli, na misingi hiyo iunge mkono hitimisho kwa nguvu. Kiswahili chetu husema “hoja yenye mashiko”: hata ukiivuta, haichomoki.

Lakini mimi maana hiyo sikuipata katika kamusi.

Miaka mingi iliyopita niliitwa katika lupango ya jirani. Familia hiyo ilikuwa imempokea yatima wa miaka tisa. Haikupita miezi mitatu, baba wa nyumba akapoteza kazi, na mtoto wao mchanga akafa kwa kuhara. Mjomba akasimama, akasema: “Kabla huyu hajaja, tulikuwa na amani. Amekuja, na kifo kimekuja. Nani asiyeona?” Alisema kwa ufasaha, na watu wakaitikia. Mimi pia, katekista na mwalimu, nilitikisa kichwa kukubali. Hadi leo naona haya.

Ndipo bibi mmoja, asiyemaliza hata shule ya msingi, akauliza kwa sauti ya chini: “Tangu mvua zianze, nyumba ngapi za barabara hii zimezika mtoto?”

Tukahesabu: nne.

“Kati ya hizo, ngapi zilipokea yatima?”

Moja tu.

“Na wanaume walioachishwa kazi pamoja na baba huyu, wote wanaishi na mtoto huyu?”

Kimya.

“Basi, kabla ya kumchunguza mtoto, twende tukachunguze kisima.”

Yule yatima akabaki nyumbani.

Angalieni vema, vijana. Mjomba hakusema uongo: ni kweli mtoto alikuja, ni kweli kifo kilifuata. Kilichokosekana ni kiungo kati ya mambo hayo mawili, kwa maana kutangulia si kusababisha. Maneno yake yalilazimisha vichwa vyetu kutikisika, bali akili zetu hazikuwa zimelazimishwa na kitu chochote ila sauti yake na woga wetu. Bibi hakupaza sauti. Alihesabu, akalinganisha, akaacha ukweli wenyewe utuswage.

Sheria ya nchi yetu Nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, kuhusu ulinzi wa mtoto, inaadhibu anayemshtaki mtoto uchawi. Ni sheria njema. Hata hivyo, adhabu huja baada ya shtaka, pengine mtoto akiwa tayari amelala njiani. Swali moja lililoulizwa kwa wakati wake laweza kumwokoa kabla ya hapo.

Kwa hiyo nilimjibu yule kijana: hapana. Kusadikisha peke yake hakutoshi, kwa sababu hata kosa laweza kusadikisha umati. Andika neno lako katika daftari, lakini ulijaribu kwanza katika lupango ya kwenu.

Kwa mazungumzo ya kikundi:
1. Ni lini nilikubali shtaka juu ya mtu kwa sababu tu wengine walikuwa wamekubali?
2. Ni swali gani ningeliuliza siku ile?