Kaa kwa Kamba

Mwongozaji wangu alilikagua fundo mara tatu, na ile mara ya tatu nikakasirika.

Tulikuwa chini ya Mnara wa Fischer, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, kusini mwa Ziwa Naivasha. Ilikuwa asubuhi yenye baridi ambayo mtu wa Mbagala hajaizoea. Nilikuwa nimevaa mkanda mpana kiunoni wenye vitanzi viwili vya mapaja, kofia ngumu kichwani, na viatu vya raba vilivyonibana hadi vidole vikajikunja. Kijana yule alilishika fundo lililokuwa mbele ya kitovu changu, akalivuta, akalifuatisha kwa kidole kuanzia kamba inapoingia hadi inapotokea, huku akihesabu kwa sauti. Kisha akanionyesha kifaa cha kubania kamba kilichoning'inia kwa karabina, ile pete ya chuma ya kufungua na kufunga, kwenye mkanda wake yeye, akaniambia ni zamu yangu kumkagua. Nilikigusa juujuu.

"Hapana, dada. Angalia vizuri. Kamba imeingia wapi? Hii karabina imefungwa?"

"Si umeifunga mwenyewe?"

"Nimefunga. Lakini wewe ndiye unaenda juu."

Nilikuwa nimetoka stendi ya Magufuli pale Mbezi, nikavuka Namanga, nikalala Nairobi, nikapanda matatu hadi Naivasha, na kutoka lango la Elsa nikaja kwa baiskeli ya kukodi. Hayo yote niliyavumilia bila neno. Kilichoniudhi ni kufanywa mgeni wa jambo ambalo nilidhani ni la kwetu. Mimi natoka kwenye ukoo wa wakwezi.

Mjomba wangu, kaka yake mama, amekwea minazi ya Chamazi, Kongowe, Toangoma hadi Mkuranga tangu hajaota ndevu. Leo ukitaja kidato, kila mtu anafikiria shule. Neno hilo lilikuwa kwenye mnazi kabla halijaingia darasani: kidato ni lile pengo linalokatwa kwa panga kwenye shina ili mguu upate pa kukanyaga. Mjomba alivikata vidato vyake mwenyewe, akakwea peku, panga kiunoni, akaangua nazi na kushuka, halafu akahamia mnazi mwingine. Utoto wangu wote niliamini kwamba hakuna binadamu anayejua kupanda kuliko yeye. Masika moja mashina yalikuwa yameloa, akateleza akiwa karibu na makuti. Nyonga haikupona sawasawa. Mwenye shamba alimlipa minazi sita aliyokuwa ameshaikwea. Ule wa saba haukulipwa.

Kwa hiyo mtu anapochukua dakika nzima kuangalia fundo langu, na nimemlipa kwa kazi hiyo, ndani yangu kitu kinauma. Sikukijua ni nini. Nilikiita hasira.

Dar hatuna mwamba wa namna hii. Mji wetu ni wa mchanga, na jiwe letu ni tumbawe, lile kali linalochana viganja ukiliegemea pale Oysterbay maji yakiwa yametoka. Kule Kunduchi jiwe ni riziki: watu wamekaa juani wanagonga kokoto kwa nyundo. Kupanda jiwe kwa ajili ya kupanda tu ni jambo nililoliona kwanza kwenye picha za rafiki yangu wa Kinondoni, na ndiye aliyenielekeza Naivasha, kwa kuwa pale mtu asiyejua chochote anafungwa kamba na kufundishwa siku hiyohiyo.

Mnara wenyewe una mita 25 hivi. Nilipoutazama nilifanya hesabu ya kwetu: ni mnazi mmoja mrefu. Wanasema ni koo la volkeno. Uji wa moto uliganda ndani ya koo hilo, ardhi laini ya pembeni ikaliwa na mvua na upepo, jiwe gumu likabaki limesimama peke yake katikati ya mbuga. Jina lake limetokana na Gustav Fischer, Mjerumani aliyekuwa daktari Unguja, aliyefika hapa mwaka 1883 na msafara uliotokea Pangani. Nilijiuliza ni wangapi wa pwani yetu walioliona jiwe hili siku hiyo wakiwa na mizigo vichwani. Wamaasai wana habari nyingine, nayo ni ya zamani zaidi: ni binti aliyekuwa akipelekwa kwa mume, akakatazwa kugeuka nyuma, naye akageuka ili aone kwao mara ya mwisho, akawa jiwe.

Mwanzo ulikuwa mwepesi. Jiwe lina mipasuko ya wima inayoingia kiganja kizima, na miguu ilipata pa kukaa. Kamba ilitoka kiunoni kwangu, ikapanda hadi kwenye pete zilizofungwa kileleni, ikarudi chini mikononi mwa kijana. Kila nilipopanda hatua moja, yeye alivuta ile iliyolegea. Pimbi wawili walikuwa wamejilaza kwenye ukingo, wakanitazama nikipita, wakakimbia juu ya ukuta ule kana kwamba ni sakafu. Nyayo zao zina unyevunyevu unaonata. Hilo nilifundishwa shuleni, lakini kuliona ni jambo lingine.

Kama mita kumi hivi mpasuko ukafunga. Mguu wa kushoto ulikuwa juu ya kijiukingo chenye upana wa vidole viwili, wa kulia ulikuwa umesukumwa ukutani bila kukanyaga chochote, na mikono yote miwili ilikuwa imelikumbatia jiwe. Nikatafuta pa kushika. Hakuna. Goti likaanza kutetemeka na kugonga mwamba, tak, tak, tak, na sikuweza kulinyamazisha.

"Umechoka, dada. Kaa kwa kamba!"

Kwetu tungesema kwenye kamba. Nakumbuka kwamba hata katika hofu ile sikio langu lilishika hilo.

"Siwezi!"

"Wachilia mikono. Kaa tu, kama kiti."

"Nikiachia naanguka!"

"Hauanguki. Nimekushika."

Nilichungulia chini kwa pembe ya jicho. Nikaona kofia yake, ndogo kama kifuu cha nazi. Mtu wa ukubwa ule atanishikaje? Nilimwambia hivyo, kwa sauti ambayo siyo yangu: wewe uko huko, mimi niko huku, umenishika vipi? Nikamwambia pia kwamba mkwezi haachii mikono. Hilo ndilo tulilolelewa nalo. Ukiwa juu unang'ang'ania hadi ufike au hadi ushuke. Kupumzika ni chini.

Alikaa kimya kidogo. Alipozungumza hakupiga kelele tena, na kwa namna fulani nilimsikia vizuri zaidi.

"Dada, usiniangalie. Sikia kiuno chako. Sasa hivi navuta. Umesikia?"

Mkanda ukanibana. Ulikuwa mvuto mdogo, wa taratibu, kama mtoto anavyovuta kanga ya mama yake.

"Nimesikia."

"Huyo ni mimi. Nivute tena?"

"Vuta."

Akavuta. Kisha hakulegeza. Nikabaki nimelikumbatia jiwe, na kiunoni kuna mtu. Hapo ndipo Mjomba aliponijia, lakini si huyu wa leo anayeshinda kibarazani, bali yule wa siku ile, na shina lililoloa, na mikono yake iliyokuwa hodari kuliko yangu mara kumi. Mikono yake haikuwa na kosa. Chini yake hapakuwa na mtu. Kulikuwa na kapu, na wateja waliokuwa wanasubiri nazi.

Nikaachia mkono mmoja. Nikaachia na wa pili. Kamba ikanyumbuka kidogo, moyo ukashuka nayo, kisha vyote viwili vikasimama. Nilikuwa nimekaa hewani, mgongo kwa dunia, miguu imeegemea jiwe lililokuwa limeanza kupata joto la jua. Mbele yangu pundamilia walikuwa wanakula majani kana kwamba hakuna lililotokea, na mbali kule Olkaria, wanakozalisha umeme kwa mvuke wa ardhini tangu mwaka 1981, moshi mweupe ulikuwa unapanda wima.

Nililia. Sikulia kwa woga, maana woga ulikuwa umeshaondoka. Nililia kwa sababu nilikuwa nimekielewa kile kilichokuwa kinaniuma pale chini wakati fundo linakaguliwa. Mimi nimelipa ili nipande jiwe ambalo halina hata nazi moja, na kwa ajili yangu kuna kofia, kuna mkanda, kuna kamba mpya, kuna macho mawili yasiyobanduka kwangu. Mtu aliyetulisha sisi, aliyenilipia sare ya kidato cha kwanza kwa nazi alizoangua, hakuwahi kukaguliwa hata fundo moja, kwa kuwa hakuwa na fundo.

Juu nilifika. Sina mengi ya kusema juu ya kilele. Kuna upepo na kinyesi cha pimbi, na ukishafika unashushwa.

 

Jioni ya siku hiyo nilimwomba yule kijana anifundishe fundo. Linaitwa fundo la nane, kwa umbo lake: unaichora nane kwa kamba, unaipitisha kwenye mkanda, kisha unarudi na ncha ileile ukifuata njia ileile hadi kila mstari uwe na pacha wake. Ndiyo maana alikuwa anahesabu. Uzuri wake ni kwamba uzito ukilivuta linazidi kukaza, na likikosewa linaonekana kwa macho. Nililikosea mara nyingi. Hakunicheka. Nikamsimulia habari za minazi, naye akaniuliza maswali ya fundi: shina ni nene kiasi gani, juu kuna nini cha kuzungushia kamba, makuti yanashika uzito? Akafikiri sana. Akasema mnazi hauna pete kileleni, hivyo wa kwanza kupanda lazima apande na kamba inayolizunguka shina, akiisogeza kila hatua. Kisha akaenda kwenye begi lake akanikatia mita tatu za kamba iliyostaafu. Kamba ikishapigwa na jua sana, au ikishadaka maanguko mengi, haipandishi mtu tena hata ikionekana nzima. Waongozaji wana daftari la kuandika hayo kwa kila kamba.

Daftari la kamba! Niliwaza neno hilo njia nzima ya kurudi.

Wapo watakaosema dawa ni kupanda kitamli, mnazi mfupi ambao mtu anachuma akiwa amesimama. Kwa shamba jipya ni sawa. Lakini mnazi mrefu huzaa miaka 60 na zaidi, na ile iliyosimama leo Kigamboni na Mkuranga itakwewa na mtu fulani kesho asubuhi. Katika jimbo la Kerala kule India, wakwezi walipoanza kupungua na vijana kuikimbia kazi, Bodi ya Maendeleo ya Minazi ya nchi hiyo ilianzisha mafunzo mwaka 2011. Vijana wakafundishwa kukwea kwa kifaa cha kukanyagia kinachofungwa kwenye shina, wakakatiwa na bima ya ajali. Wanawake nao walifundishwa. Mimi kwetu sijawahi kumwona mwanamke juu ya mnazi. Sioni kwa nini tushindwe lililowezekana kwao. Kamba si kitu cha ajabu, na bandari yote ya Dar imejaa watu wanaojua mafundo.

Nilifika Chamazi Jumapili alasiri. Mjomba alikuwa kibarazani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi na baridi ya watu."

Nikamweleza. Alisikiliza bila kunikatiza, akiigeuzageuza ile kamba, akiikwaruza kwa ukucha. Nikamfungia fundo la nane. Akalifungua lote, akalifunga mwenyewe kwa mara ya kwanza bila kukosea, akalikagua kwa kidole. Kisha akainuka, nyonga ikimvuta upande, akaenda kwenye mnazi ulio nyuma ya choo, wenye vidato alivyovikata mwenyewe zamani. Akaizungusha kamba kwenye shina na kiunoni kwake, akafunga, akapanda kidato cha kwanza tu, hatua moja kutoka mchangani.

Akabaki amelikumbatia shina.

"Sasa hapa nifanye nini?"

"Kaa, mjomba. Egemea nyuma."

"Niachie?"

Nikapita nyuma yake, nikaweka kiganja kwenye fundo.

"Nimekushika."

Akaachia mkono mmoja.