Umbali Anaouchagua Mnyama

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita sakafuni, katika sebule na vibaraza vya watu, nikiwapiga picha paka na mbwa wao kwa karibu sana: pua iliyojaza fremu nzima, ulimi unaolamba hewa, makucha yaliyokunjuliwa juu ya mkeka, jicho moja linalochungulia nyuma ya pazia. Ni kazi ya furaha, na wanaoilipia huilipia kwa kuwa wanataka kucheka pamoja na wanyama wao. Lakini miaka yote hiyo imenithibitishia jambo moja ninalotaka kulitetea hapa: mchezo ulio katika picha ya namna hii lazima uwe wa mnyama mwenyewe, na hauwi wake mpaka yeye ndiye aliyeamua asogee kiasi gani. Mpiga picha akiufupisha umbali huo kwa nguvu atapata ukaribu tu. Mchezo utakuwa umeshakimbilia chini ya kochi.

Ushahidi wa kwanza uko katika macho ya paka. Kitu kilicho karibu naye kuliko takriban sentimita 25 hakioni vizuri. Hapo kazi ya kutambua hushikwa na pua na sharubu. Simu ikisukumwa hadi sentimita 15 kutoka usoni mwake, anachokabiliana nacho ni kivuli kisicho na umbo, chenye duara lisilopepesa, na paka akikodolewa hivyo huhesabu kuwa amechokozwa. Mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya Sussex na Portsmouth, Uingereza, walichapisha majaribio yanayoonyesha kwamba paka humsogelea kwa wepesi zaidi mtu asiyemjua ikiwa mtu huyo amemfumbia macho polepole, kuliko akikaa tu bila kuonyesha chochote usoni. Wafugaji wengi walilijua hilo zamani. Mimi nimelifanya kuwa utaratibu wa kazi: kamera hukaa chini kando yangu, nafumba macho taratibu, natazama pembeni, na kumwacha paka aje kunusa. Aliyekuja mwenyewe husimamisha masikio, huelekeza sharubu mbele, na mboni zake hupanuka kwa udadisi. Aliyevamiwa hulaza masikio na sharubu, na mboni zake nazo hupanuka, ila kwa hofu. Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu macho makubwa ni yale yale na wao huyaita ya kupendeza yote mawili. Kwa mbwa makosa ni zaidi. Kupiga miayo bila usingizi, kulamba midomo bila chakula, kugeuza kichwa huku weupe wa jicho ukionekana, zote ni namna za kuomba nafasi, na bado picha nyingi za mbwa wa namna hiyo husambazwa kama picha za kuchekesha.

Wapo wanaonipinga kutoka upande mwingine kabisa. Wanasema picha ya karibu ni uongo hata kama mnyama ameridhia, kwa kuwa inamfanya mbwa awe na pua kubwa kama embe. Afadhali kukaa mbali na lenzi ndefu, maumbile yabaki yalivyo. Hoja hii inastahili hesabu. Chukua mbwa ambaye kutoka pua hadi jicho ni sentimita 8. Kamera ikiwa sentimita 10 mbele ya pua, jicho liko sentimita 18, na kwa hiyo pua itatokea kubwa karibu mara mbili ikilinganishwa na jicho. Kamera ikirudi nyuma hadi mita moja, tofauti hiyo inabaki kama asilimia 8 tu. Kinacholeta upotofu ni umbali, wala si lenzi. Na umbali wa sentimita 10 haukubuniwa na wapiga picha: ndio umbali wa mtoto aliyelala mkekani na mbwa wake, ndio umbali wa mtu anayeamshwa alfajiri kwa kulambwa shavu. Pua kubwa ni kumbukumbu sahihi ya mtu anayeishi na mnyama huyo. Lenzi ndefu naiheshimu, na kwa mnyama mwoga siitumii nyingine, lakini inamwonyesha jinsi mpita njia anavyomwona.

Historia ya ufundi huu inaunga mkono ninachosema, ingawa si kwa wepesi ambao ningeutaka. Mwanzoni mwa karne ya 20 Harry Whittier Frees, Mmarekani wa Pennsylvania, alipata umaarufu kwa kuwavisha paka wachanga nguo na kuwaweka katika mikao ya kibinadamu, wakipika, wakifua, wakisukuma vigari. Kwa filamu za wakati ule mnyama alipaswa kutulia, na mavazi yale yalisaidia kumshikilia. Frees mwenyewe alisisitiza kwamba alitumia upole na subira. Hata hivyo nikizitazama picha zake, kichekesho chote kiko katika vazi. Uso wa paka hausemi kitu. Mwenzake wa baadaye, Walter Chandoha, alianza mwaka 1949 na paka mdogo aliyemwokota New York, akaendelea na paka karibu hadi kifo chake mwaka 2019. Alishuka hadi usawa wa macho yao na kuwasubiri, na kila paka wake ana tabia yake. Mtu ataniambia: mbona chihuahua maarufu wa Elliott Erwitt, aliyepigwa New York mwaka 1974 kando ya buti za mwanamke na miguu ya mbwa mkubwa, amevaa kofia? Ni kweli. Ila kamera ya Erwitt iko karibu na ardhi, tunautazama mji kwa kimo cha yule mbwa, na kofia haimzuii kututazama. Basi sikatai nguo moja kwa moja. Nakataa kitu chochote kinachomnyima mnyama uwezo wa kuondoka.

Pingamizi zito zaidi ni la nyumbani. Watu husema mapenzi ya aina hii si yetu: mbwa ni mlinzi, makazi yake ni bandani, na paka kazi yake ni panya. Kuhusu paka, pwani yetu yenyewe inajibu. Mafundisho ya Kiislamu humhesabu paka kuwa tohara, mmoja wa wanaozunguka ndani ya nyumba, na ukipita vichochoro vya Lamu utawakuta wamelala barazani bila kufukuzwa. Mbwa ni suala jingine, na ninaheshimu nyumba isiyomruhusu kuingia ndani. Picha zake hupigwa uani, kwenye kivuli, na hazipungukiwi. Ninachokidai ni chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa kuwa karibu maambukizi yote ya ugonjwa huo kwa binadamu hutokana na mbwa, na kazi yangu huweka mikono na uso karibu na meno. Mlinzi naye hucheza akiwa na watu wake, na mara nyingi wenyewe hawajawahi kuinama hadi usawa wa kuuona mchezo huo.

Kuhusu mashine, nashukuru. Tangu mwaka 2019 kamera za Sony zimeweza kulitafuta jicho la mnyama na kulifuata zenyewe, jambo kubwa kwa picha za karibu, ambapo sehemu inayotokea kali yaweza kuwa milimita chache tu: jicho likiwa wazi, pua tayari imefifia. Sitamani kurudi nyuma ya hapo. Lakini mashine hulifuata jicho lenye hofu kwa uaminifu ule ule, haina namna ya kujua kwamba paka anataka kuachwa. Ndiyo sababu silipishi kwa saa. Mteja anayehesabu dakika humbeba paka wake na kumleta mbele ya lenzi, na mimi ninayehesabu dakika ningekubali abebwe. Nalipisha kwa siku nzima, dirisha likiwa wazi kwa mwanga na flashi ikiwa mkobani, na makubaliano huwekwa mapema kwamba mnyama asipokuja, mteja atapokea picha za mkia, sikio, au mgongo wa anayeondoka, na hazina punguzo.