Kuchi na Nyuki katika Ua Mdogo

Mwezi huu nimeombwa niandike jambo la nyumbani. Nimechagua viumbe wawili ambao watu wengi kwenye block yetu wanawaogopa: jogoo wa kuchi na nyuki.

Wazee wangu ni Wabajuni wa Fuma, kimoja katika visiwa vilivyo kati ya Kismayu na Ras Kamboni. Walikimbia kwa jahazi baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, wakafikia kambini Mombasa, na kambi za pwani zilipofungwa wakaletwa huku Kakuma. Mimi nimezaliwa hapa hapa. Fuma naijua kwa mdomo wa bibi yangu, Mungu amrehemu. Alikuwa akisema kwamba kule mali ya mtu ni mashua, nyavu, mbuzi wachache na kuku wake. Asali ilitoka bara, kwa Waboni, watu wa msituni wanaojua kufuata nyuki mpaka kwenye mti wao.

Kuchi si kuku wa kawaida. Ni mrefu, anasimama wima kama askari, shingo ndefu, kifua kipana, manyoya machache na kilemba kidogo cha kubana. Anapatikana Lamu, Unguja, Pemba na Tanzania bara. Wataalamu waliochunguza damu ya kuku wa Tanzania wameona kuchi ana undugu na kuku wa kupigana wa Asia ya mbali, hata Japani. Kwa hiyo yeye naye ni mgeni aliyekuja kwa bahari, kama babu zetu wengi wa pwani, na sasa ni mwenyeji.

Mama yangu alipata mayai kumi ya kuchi kutoka kwa jamaa wa Mombasa. Yalikuja kwa basi ndani ya ndoo ya pumba za mbao. Akayaweka chini ya kuku wa kienyeji, na baada ya siku 21 walitoka vifaranga wanne. Mmoja akawa jogoo, na jogoo mwenyewe, mashaallah, mtu akipita anasimama kumtazama.

Mwaka 2025, mgao wa chakula ulipopunguzwa sana, vijana watatu walikuja nyumbani na shilingi 6,000 mkononi. Walimtaka jogoo kwa ajili ya kumpiganisha, watu waweke pesa. Ndugu msomaji, usione ni jambo dogo. Siku ile sisi ni watu sita na jioni tulikunywa uji mtupu. Ndugu zangu wadogo walikuwa wanamwangalia mama usoni. Mama akawaambia wale vijana, "Wanangu, nikimuuza kwa vita nimemuuza mara moja. Akikaa na kuku wangu, nitamuuza kila mwaka." Vijana wakacheka, wakaenda zao.

Hesabu yake ni hii. Kuchi jike hatagi sana, lakini jogoo wa kuchi akipanda kuku wa kienyeji, watoto wanatoka na mwili mkubwa, na mama zao ni hodari wa kutaga na kulea. Idd iliyopita mama aliuza majogoo wanne wa uzao huo, kila mmoja shilingi 1,800. Jumla ni 7,200, na baba yao bado anawika uani. Mayai ya wale kuku wengine tunakula sisi.

Na hata kama hesabu ingekataa, jambo lenyewe si zuri. Masheikh wetu wanafundisha kuwa kuwachochea wanyama wapigane kumekatazwa, na kamari ni haramu. Sheria ya Kenya nayo inakataza kupiganisha wanyama. Tena tunaowafundisha ni watoto. Wapo darasani kwangu watoto ambao wazazi wao waliona vita kwa macho. Sitaki wajifunze kushangilia damu siku ya Jumamosi.

Anayetaka kufuga kuchi ashike haya. Majogoo wawili wasikae ua mmoja, na wasionane, weka kizuizi cha gunia au bati. Kipi kikirefuka kipunguze ncha kwa tupa, pole pole, kisije kikamchoma mtoto. Usiku walale juu, mlango umefungwa. La muhimu kuliko yote ni chanjo ya kideri, kile kinachoitwa mdondo kule Tanzania. Ni tone moja jichoni, na hurudiwa baada ya miezi mitatu au minne. Kideri kikiingia kwenye kuku wasiochanjwa kinaweza kumaliza banda zima, na hakina dawa. Basi majirani wachanje siku moja, maana ugonjwa haujui mpaka wa ua.

Sasa nyuki. Wakati wa kiangazi wanajaa kwenye mabomba na mabeseni yetu. Hawaji kutuchokoza, wanatafuta maji ya kunywa na ya kupoza mzinga wao kwenye joto hili. Nyuki analinda nyumba yake, halindi beseni lako. Weka sahani pana yenye mawe pembeni kabisa mwa ua, mbali na bomba na banda la kuku, utie maji kila asubuhi. Mawe ni ya kusimamia wasizame. Ukianza usiache, wakizoea halafu wakakuta pakavu watarudi bombani. Panda pia mlonge, mwarobaini au mrehani, unyweshe kwa maji ya kuoshea mchele. Hata mathenge tunayoilaani kwa miiba yake, maua yake nyuki wanayapenda.

Lakini mzinga usiuweke uani. Nyuki wa Afrika ni wakali wakiguswa nyumbani kwao, na block zetu zimebanana. Mizinga inataka mahali mbali na nyumba, njia na mifugo. Ukitaka asali, ungana na wenzako mtafute mahali pa namna hiyo.

Mwaka jana kundi la nyuki lilitua kwenye ukuta wa choo cha jirani, limening'inia kama gunia. Vijana wakaja na mafuta ya taa na matambara. Mzee mmoja Mkongomani, aliyefuga nyuki kwao Kivu, akawazuia. Alisema, "Hawa wako safarini, hawana asali wala watoto wa kulinda. Mkiwachoma ndipo mtawafanya adui." Akaamuru watoto watolewe, mbuzi wafunguliwe, na jogoo wetu aliyekuwa amefungwa kamba mguuni afunguliwe pia, kwa sababu mnyama aliyefungwa hawezi kukimbia na nyuki humuua. Siku ya pili asubuhi ukuta ulikuwa mtupu. Wamehama wenyewe.

Mtu akiumwa na nyuki, muondoe pale haraka, kwa kuwa mwiba unatoa harufu inayowaita wenzake. Kwangua mwiba upesi kwa kucha, osha kwa sabuni. Akivimba midomo au akipumua kwa shida, mkimbizeni kliniki msingoje. Na asali asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja, hata kidogo.

Sura ya 16 ya Qur'ani inaitwa Nyuki, na asali imetajwa humo kuwa ni ponya kwa watu. Sisi tunaoishi mlango kwa mlango, watu wa nchi nyingi, tunaweza kukaa hata na wakali, kila mmoja akipewa nafasi yake na maji yake. Mkali si lazima awe adui.

Mama anasema mwenye kutaka mayai ya kuatamisha aje nyumbani baada ya Alasiri. Hauzi kwa pesa. Njoo na mbegu za mlonge.