Wali Usiopaliwa

Jikoni mwa nyanya yangu, nyuma ya nyumba huko Kibokoni, Mombasa, moto ulikaa baina ya mafiga matatu, ukilishwa kuni za mkoko, vifuu na makumbi. Na kwa kuwa banda lile la makuti lilikuwa na kidirisha kimoja tu, moshi ulijaa humo tangu alfajiri, wala hapana aliyemwuliza bibi yule habari ya macho yake mekundu na kikohozi chake, kwani ilidhaniwa kuwa huo ndio uzee.

Zamani za marehemu mama, mkaa ulikuwa umekwisha kuushika mji, na jiko lake lilikuwa la bati tupu, lililopoteza joto ubavuni. Kisha, baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya nishati mpya uliofanyika Nairobi mwaka 1981, Kenya ikapata jiko la bati lenye udongo uliochomwa ndani yake, lililotokana na jiko la ndoo la Thailand. Jiko hilo lilipunguza mkaa thuluthi na zaidi, nalo lilienea, kwa itikadi yangu, kwa sababu lilifuliwa na mafundi walewale wa jua kali, na mpishi hakulazimika kubadili mkono wake: alisonga sima, na wali akaupalia makaa juu ya kifuniko kama desturi. Ila liliokoa mfuko kuliko pumzi, maana mkaa una hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, na wakati wa masika mlango hufungwa.

Gesi ilipokuja, waliowanasihi akina mama walitaja mapafu na misitu, nao wakasikiliza kwa adabu, kisha wakarejea kwenye mkaa. Kwani gesi haina makaa ya kupalia, na wali usiopaliwa kwao si wali. Aliyewageuza mtaani kwetu ni jirani mmoja, aliyeweka chuma cha chapati chini ya sufuria, akapunguza moto hata ukawa kama uzi, akafunika kwa kitambaa kilicholowa, akawaonjesha.

Ikabaki fedha. Mkaa hununuliwa kwa kopo, kwa kadiri ya pato la siku, ilhali mtungi hutaka malipo kwa mkupuo. Na mita hizi za kulipia gesi kwa simu, kidogo kidogo, naziona zina manufaa kuliko hotuba nyingi. Dada yangu ameuacha mkaa, isipokuwa kwa biriani ya arusi, nayo hupikwa uani, penye upepo.