Ngozi Zetu Ziko Kwenye Mstari Mmoja

Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Siwapingi wahenga, lakini ipo kazi moja ambayo mwenye macho lazima aambiwe tazama, tena mara mbili. Kazi hiyo ni kuhariri video.

Mpenzi msomaji, huenda umeniona nikitoka mbio kengele ya jioni inapolia. Siendi kucheza kandanda. Huwa naenda kwa mjomba wangu, ambaye hupiga na kuhariri video za arusi, mazishi na mahafali. Duka lake ni la mabati na mlango unaelekea magharibi. Saa kumi jua huingia hadi mezani, na picha kwenye tarakilishi huonekana imefifia. Saa moja usiku, chini ya balbu ya manjano, picha ileile huonekana imekolea. Picha haijabadilika hata chembe. Kilichobadilika ni mwanga unaotuzunguka, na macho huufuata.

Ndiyo sababu mjomba alinunua kifaa kilichokwisha tumika, skrini ndogo inayotosha kwenye mkoba wa shule na kutumia betri za kamera. Hukichomeka kwenye kamera kanisani au kwenye tarakilishi dukani. Mbali na picha yenyewe, kifaa hicho huonyesha vipimo vya mawimbi ya video. Nitavitaja viwili.

Cha kwanza huitwa wevufomu, nacho hupima mwangaza. Chini kabisa ni 0, yaani weusi mtupu, na juu ni 100, yaani weupe mtupu. Shela ya bibi arusi ikigota juu na kulala bapa kama dari, jua kwamba nakshi zake zimepotea.

Cha pili huitwa vektaskopu, nacho ni duara la kupimia rangi. Nyeusi, nyeupe na kijivu hukaa katikati. Rangi inavyozidi kukolea ndivyo alama inavyosogea ukingoni, na upande inakoelekea hukuambia kama ni nyekundu, samawati, kijani au manjano. Kati ya nyekundu na manjano pana mstari mmoja mwembamba. Huo ni mstari wa ngozi ya binadamu.

Naam, mstari mmoja tu! Mwanga ukiwa mzuri, ngozi ya Mzungu, ya Mhindi na yangu mimi niliye mweusi ti, zote huangukia karibu na mstari huo. Tofauti kubwa huonekana kwenye wevufomu: huyu yuko juu zaidi, yule yuko chini zaidi.

Likizo ya Agosti alikuja shangazi wa bibi arusi mmoja, amefura.

"Fundi, mbona mmemfanya mtoto wetu mweusi hivi? Hebu mng'arishe! La sivyo, hiyo balansi sahau."

Balansi ilikuwa shilingi 8,000, na kodi ya duka ilikuwa inangoja. Ingekuwa rahisi kumpaka msichana wa watu rangi ya waridi tukalipwa. Lakini mjomba aliniambia, "Mpwa wangu, lete kile kidude."

Tukapima. Kwenye vektaskopu, uso wa bibi arusi ulikuwa pale pale mstarini. Kwenye wevufomu ulikuwa chini sana, karibu 15, kwa sababu alisimama akiwa ameipa dirisha mgongo. Mjomba akaupandisha mwangaza wa uso hadi karibu 30, rangi asiiguse.

"Bado ni mweusi," shangazi akasema.

"Ndiyo, mama. Ndivyo alivyo."

Akaenda zake bila kulipa. Jumamosi iliyofuata bibi arusi alikuja mwenyewe. Alitazama kimya, kisha akaomba turudishe pale anapocheka na nyanya yake. Alilipa, akaomba nakala ya pili ampelekee nyanya.

Baadaye nilisoma kwamba jambo hili ni la tangu zamani. Kuanzia miaka ya 1950, maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Uso wake ukitoka vizuri, kazi ilihesabiwa kuwa sawa. Watu weusi mara nyingi walitoka macho na meno tu. Filamu zilianza kuboreshwa pale watengenezaji wa chokoleti na fanicha walipolalamika kwamba bidhaa zao hazitoki vizuri. Yaani mbao na chokoleti zilisikizwa kabla ya watu!

Sisemi kwamba kifaa kina akili kuliko fundi. Hakijui urembo, wala hakimkatazi mtu kuharibu sura ya mwenzake. Hukuonyesha tu kwamba umetoka mstarini, kisha kikakuachia uamuzi. Lakini mwamba ngoma huvutia kwake, na macho yetu yamezoeshwa kuvutia kwenye weupe. Kwa hivyo ni vyema pawe na shahidi asiyependelea.

Enyi wenzangu mnaojipiga picha na kujing'arisha kwenye simu hadi mama zenu wawasahau, na nyinyi mnaowaita wenzenu "makaa" pale nyuma ya darasa, nawauliza: mnakimbia nini? Ngozi zetu hazina kasoro. Pengine tulichokosa ni mtu wa kutuwekea mwanga vizuri.

Wasalaam.